Kwangu Inasikika

Yona alipofariki, nyumba yake ya mtaa wa Utemini, Singida mjini, ilijaa watu kabla maturubai hayajafika, na maturubai yalipofika yalikuta kamati zimeshaundwa zikaisha: ya chakula, ya usafiri, ya mawasiliano. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikiwasikiliza vijana wa mawasiliano wakipitia ndugu kwenye simu zao. Wa Dodoma kapata. Wa Tabora kapata. Yule wa Mwanza kaweka mikono ya kusali. Siku hizi msiba unazunguka nchi nzima kabla aliyefiwa hajamaliza kuvaa khanga. Kisha mmoja akauliza, na baba mkubwa Daudi wa Itigi? Mtoto wa kwanza wa Yona akasema namba yake hana, na hajui mwenye nayo, na kwa kweli baba mkubwa mwenyewe hajawahi kumwona. Nikasema nitakwenda mimi. Wakaanza kunionea huruma, shangazi goti hilo, shangazi barabara ile. Nikawaambia goti hili limepanda magari mabovu kuliko yote waliyowahi kuyaona kwenye picha. Ukweli nilikuwa nimeshaanza kuhesabu waliokuwemo chumbani Jumapili ile, na kwenye hesabu nilikuwa nimebaki mimi tu.

Mwaka ninaouzungumzia ni wa soko huria. Soko lilikuwa limefunguliwa, na kila kilichofunguliwa kilipewa meneja. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule ya jioni, kidato cha nne nilichokisoma kwa mwanga wa karabai moja darasa zima, na mbu wa darasa lile walihudhuria vizuri kuliko sisi. Wangefanya mtihani wangefaulu. Kwa cheti hicho nikaajiriwa kupokea matangazo kwenye stesheni ya redio ya watu binafsi mjini Singida. Jina lake nitaliacha lipumzike. Ilikuwa ndani ya lililokuwa ghala la alizeti, na joto la mchana likipanda kuta zilitoa harufu ya mafuta, mtangazaji akitoka zamu yake unaona kabisa kwamba amekaangwa upande mmoja. Studio ilizibwa kwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Nilikuwa nikisema kwamba kuku wa mkoa mzima walifanya kazi ya ziada ili sisi tusitoe mwangwi.

Meneja wa Mkoa tulimwita Kipengele, kwa sababu hakuna jambo alilolijibu bila kutaja kipengele cha mwongozo. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye shahada, anayenukia sabuni hata saa tisa alasiri, na chini yake walikuwepo mameneja wengine: wa ubora, wa wateja, wa mipango, na mmoja ambaye mpaka stesheni inafungwa hatukujua alikuwa wa nini, ila alikuwa na kiti kizuri. Asubuhi kulikuwa na kikao cha kupanga kikao cha mchana, na cha mchana kiliahirishwa kila siku kwa sababu wajumbe walikuwa bado hawajatoka kwenye cha asubuhi. Tulisikia sauti zao ukutani huku tukila mihogo ya kuchemsha mezani pangu, mara "tulitazame kwa upana wake", mara "turudi nyuma kidogo", na Yona alikuwa akinong'ona kwamba wakirudi nyuma zaidi watatokea ziwa Singidani. Wafanyakazi wenyewe tulikuwa wa kuhesabika: Yona wa kusoma, mimi wa kupokea, na fundi mitambo. Makao makuu ya Dar es Salaam yakaagiza kubana matumizi. Wakakaa, wakajadili, wakampunguza fundi mitambo. Nafasi yake wakamleta meneja wa ubora.

Yona alikuwa Mgogo wa Kintinku, mrefu, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba, na hapa sitii chumvi nyingi, watu walipata nafuu ya homa kwa kumsikiliza akisoma bei za mazao. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa matangazo ya vifo. Nieleze hapo kidogo, maana vijana wa simu hawalijui hilo. Mtu akifa Mkiwa au Kintinku, aliyefiwa alipanda basi kuja mezani kwangu, anataja marehemu, anataja siku ya mazishi, kisha anataja majina ya ndugu mmoja mmoja na mahali walipo. Yona anasoma, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Jina lako likishasomwa redioni, umeambiwa. Hakuna cha sikuwa na redio, hakuna cha nilikuwa shambani. Asiyefika baada ya kutangaziwa hahesabiwi kuwa amechelewa, anahesabiwa kuwa amekataa. Nimeona watu wakitoka Tabora na nguo za shambani kwa ajili ya kuliogopa neno hilo.

Mvua za mwaka ule zilianza kwa hasira, zikang'oa madaraja na nguzo, na siku moja mchana radi ikapiga mnara wetu kule mlimani kwenye mawe. Mtambo mkubwa uliungua. Ukabaki mdogo wa akiba, ambao sauti yake ilifika mwisho wa Utemini, ikavuka ziwa Singidani kwa kujivuta, ikalala ng'ambo. Mkoa mzima, kuanzia Mkiwa kwenda mbele, ukawa kiziwi. Yona na mimi tulidhani tutasimamisha matangazo tuseme samahani. Kumbe Dar es Salaam walikuwa wanatafuta mwekezaji wa kuinunua stesheni, na stesheni iliyoungua haina bei. Kikaitishwa kikao, na safari hiyo tukaitwa na sisi. Kipengele aliweka redio ndogo katikati ya meza, akaiwasha, na taarabu tuliyoiacha inajiendesha studio ikasikika safi kabisa, maana studio yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta. Akatutazama kwa upole. Alisema hata nyumbani kwake, na nyumba yake ilikuwa Utemini, anasikia vizuri. "Kwangu inasikika," alisema, na meneja wa ubora akaandika kwamba ubora umethibitishwa. Tukaambiwa pia kwamba mfanyakazi atakayesema nje kuwa hatusikiki atakuwa amejifukuza mwenyewe.

Basi watu wakaanza kununua betri. Nakwambia mwaka ule betri zilikwenda kuliko chumvi. Mafundi redio wa sokoni walijenga, mmoja alioa. Alikuja mzee mmoja wa Mkiwa na redio yake ameifunga kwenye khanga kama mtoto mgonjwa, akasema imepoteza masikio. Kabla sijafungua kinywa, Kipengele alitoka mwenyewe ofisini kumhudumia mteja, akaiwasha pale pale mezani, nayo ikaimba. Mzee alifurahi, akashukuru, akaifunga tena kwenye khanga akaondoka nayo imepona. Wiki iliyofuata akarudi nayo. Aliporudi mara ya tatu hakuja na redio. Alikuja kusema tu, bila kugombana, kwamba mkewe amezikwa, na wakwe zake wa Itigi walitangaziwa na hawakuja, na yeye sasa amejua yeye ni nani kwao. Yona alikuwa amesimama mlangoni pa studio. Mzee yule alimtambua kwa sauti alipompa pole, akamshika mkono, akamwambia hata hivyo ulisoma vizuri mwanangu, naamini ulisoma vizuri.

Tulicheka sana mwaka ule, nisidanganye. Tulicheka kwa sababu ukikaa unausomea ukuta majina ya watu, usipocheka utafanya kitu kingine. Lakini kila siku walikuja watu na vifo vyao, na kila siku Yona aliviona vikienda mpaka ziwani na kurudi, na mkoani kote, kijiji kwa kijiji, watu wakawa wanaandikana kwenye mioyo yao: yule alikataa, na yule alikataa. Hakuna vita wala njaa iliyokuwa ikigawa watu kwa ufundi ule. Yona alikwenda kwa Kipengele mara nyingi kumweleza. Alirudi kila mara na kikombe cha chai alichopewa.

Krismasi alikwenda Kintinku kumwona mama yake. Mama alikuwa ameanza kuugua kifua, amekaa uani na redio mapajani, anaitikisa. Alimuuliza mwanawe kwa nini siku hizi hamsikii. Yona aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema, akaona watoto wa ndugu, akaona wajomba wamejaa, akaona kazi yake. Akasema, mama, hizo ni betri. Mama aliuza kuku akanunua mpya.

Mama alikufa mvua zikiwa bado zinanyesha. Habari aliileta binamu mmoja kwa basi, Jumapili asubuhi, akaja moja kwa moja stesheni, kwa sababu huko ndiko misiba inakopelekwa. Alikuwa na majina kichwani, na la kwanza lilikuwa la Daudi, kaka yake Yona, aliyekuwa akifanya kazi ya reli Itigi. Mazishi kesho yake alasiri. Kwa joto lile na bila chumba cha baridi hawangeweza kungoja zaidi. Jumapili posta imefungwa. Simu ya ofisi ilikuwa kwa Kipengele, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli, na Kipengele siku hiyo alikuwepo, maana mwekezaji alitarajiwa wiki ile na walikuwa wakipaka kuta rangi. Tukaingia wote watatu, Yona, binamu na mimi.

Alisimama kutupokea. Alimshika Yona mabega yote mawili, na macho yake yalilowa kweli, mimi niliyaona. Alisema pole sana, akasema menejimenti nzima iko naye. Yona akaomba simu.

"Mkuu, kaka yangu yuko Itigi. Nipigie tu stesheni ya reli, watamwambia."

Kipengele alikaa. Alisema taratibu kwamba tangazo la mama limeshapokelewa rasmi, na badala ya mara moja litasomwa mara tatu, kwa heshima ya mfanyakazi. Alisema simu ya ofisi ikitumika kupeleka habari ya kifo Itigi, mtu akija akiuliza kwa nini redio yenyewe haikutosha, yeye atajibu nini, tena wiki yenyewe ni ya mwekezaji.

"Itigi hatusikiki, mkuu. Unajua."

Kipengele aliangalia redio iliyokuwa dirishani. Hakuiwasha hata. "Mimi ninachojua, Yona," alisema, "kwangu inasikika."

Binamu, ambaye hakuelewa lolote, alisema basi si asome tu yeye mwenyewe, sauti ya mtoto itamvuta kaka. Na hakukuwa na msomaji mwingine; zamu ilikuwa ya Yona, na bila kuimaliza haruhusiwi kuondoka. Nilimwona kupitia kioo cha studio. Alikaa, akavuta kipaza sauti, akasoma. Alitaja jina la mama yake kwa utulivu ule ule wa siku zote, akataja mazishi, akasema habari zimfikie mwanawe Daudi popote alipo, akipata tangazo hili afike haraka. Akasoma mara tatu. Binamu kwenye benchi aliinamisha kichwa, ametulia, kama mtu aliyefikisha mzigo salama. Yona alipotoka, Kipengele alikuwa akimsubiri kwenye korido amempangia maneno. Alimwambia imesikika vizuri sana, hata kuliko kawaida. Mimi nikapewa barua ya kuiwakilisha menejimenti msibani, na nikatakiwa kusaini kwamba nimepokea huzuni yao.

Basi lilitufikisha Manyoni jioni. Yona alishuka kabla halijasimama, akakimbilia stesheni ya reli. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo upande wa Itigi, simu haipiti. Mkuu wa stesheni, mtu mwema, aliahidi kumpa ujumbe dereva wa treni ya kwanza itakayokwenda huko. Ya kwanza ilikuwa imesimama njiani kwa sababu maji yalikuwa juu ya reli.

Kintinku walimngoja Daudi kesho yake mpaka jua likainama. Jeneza lilikuwa uani, wanawake wamechoka kulia, wanakunywa uji kimya. Nilisikia nyuma yangu wakinong'onezana kwa Kigogo, halafu mmoja kwa Kiswahili, kwa heshima yangu mgeni, kwamba yule wa reli amekuwa mtu wa mshahara sasa. Baada ya maziko mjomba wao, Mzee Lameki, kaka wa marehemu, alisimama. Hakupaza sauti. Alisema dada yake amezaa wana wawili, mmoja ametangaza na mmoja amekataa, na kuanzia leo kwenye ukoo huu watu wamhesabu mmoja.

Yona akasimama. Alimwamkia kwanza, shikamoo mjomba, mzee akaitikia. Kisha akasema yote, mbele ya watu wote: radi, mtambo, ziwa, kwamba tangu mwanzo wa mvua hakuna neno lake lililotoka Singida mjini, na kwamba Daudi hajasikia, hawezi kuwa amesikia. Nilisema na mimi kwamba ni kweli, lakini nani angemsikiliza msichana wa mjini mwenye barua ya menejimenti mkononi. Mzee Lameki alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani ya nyumba, akatoka na redio ya dada yake, akafungua mgongo wake, akamwonyesha betri. Zilikuwa bado zinang'aa.

"Hizi ulimwambia wewe anunue," alisema. "Sasa nieleze, mjomba. Siku ipi ulikuwa unadanganya, ile au leo?"

Yona alizipokea betri kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimemsikia mtu yule akitangaza bila kukwama mambo ambayo wengine hatuwezi kuyasoma hata kwa macho. Pale alizirudisha tu redioni, akaufunga mgongo. Wakaamua kwamba anamkingia kaka yake, wakamsifu kwa moyo wa undugu, wakasema ni mtoto mzuri, na hukumu ikabaki pale pale.

Daudi alifika siku ya pili kwa treni ya mizigo, matope mpaka magotini. Alisalimia uani, na watu wakainuka mmoja mmoja wakaenda kutafuta kazi za kufanya. Aliulizia mama alipolala, akaonyeshwa na mtoto. Aliporudi alimkuta Yona chini ya ukingo wa paa. Sikusikia yote. Nilisikia Yona akieleza, mengi, haraka, na Daudi akiuliza kitu kimoja kwa sauti ya chini, na Yona akigeuka kuitazama redio ya mama. Kisha Daudi akachukua kofia yake akarudi stesheni kwa miguu yake yenye matope kungoja treni.

Mwekezaji alikuja, akala kuku wetu, akasifu upepo, akaenda kupiga picha ndege wa ziwani, hatukumwona tena. Kabla ya mvua nyingine stesheni ilifungwa na ghala likarudia alizeti zake, ambazo nadhani zilitushangaa. Kipengele alipandishwa cheo kwenye shirika jingine, kwa rekodi ya kutokatiza matangazo hata siku moja. Yona alifungua duka la vifaa vya shule Utemini, na maisha yake yote yaliyobaki hakupenda kusoma kitu kwa sauti, hata kanisani walipomwomba. Itigi alikwenda mara kwa mara. Alirudi kila safari na zawadi alizopeleka. Mzee Lameki alikufa na neno lake, na wazee waliolisikia wakafa nalo, na hakuna aliyebaki wa kulifuta.

Sasa Yona naye amekufa, na huko Itigi nilimkuta Daudi nje ya nyumba yake karibu na reli, mzee sasa, mweupe kichwa kizima. "Shikamoo kaka," nilisema, akaitikia marahaba, akanipa kiti yeye akakaa kwenye ndoo. Nilimwambia. Kisha akauliza kama tumetangaza redioni, nikamwambia hapana, nimekuja mwenyewe, gari liko barabarani, nafasi yake ipo, mazishi ni kesho. Na kwa kuwa nilikuwa nimeibeba miaka yote hiyo, nikaanza kumweleza habari ya mtambo, na kisanduku cha simu, na jina lake lilivyosomewa ukuta mara tatu. Aliniacha nimalize. Ni mtu wa adabu.

"Hayo Yona aliniambia siku ile ile, dada," alisema. "Na mimi nilimwamini siku ile ile."

Nikamuuliza, sasa kaka, kumbe nini?

Alifikiria kama mtu anayetafuta namna ya kulisema bila kumuumiza mgeni. "Alimwacha mama anunue betri," alisema. "Mama yetu amekufa anaiomba radhi redio yake."

Alinisindikiza mpaka kwenye gari, polepole kwa ajili ya goti langu, akanifungulia mlango, nikapanda. Nilimsogezea nafasi. Aliuangalia ule upande mtupu wa kiti, akaufunga mlango kutoka nje, akainama dirishani.

"Safari hii waambie nimesikia," alisema.

Tulifika Utemini giza likianza kuingia. Kijana wa mawasiliano alinijia mbio simu mkononi, akauliza baba mkubwa Daudi vipi, kapata habari? Nikamwambia kapata. Akaweka alama yake, akanishukuru kwa niaba ya kamati.